Msafara wa Kidonge Tumboni mwa Mgogo

Wanangu wauguzi, ninyi mnaoanza kazi sasa na viatu vyenu bado vyeupe, kama kuna anayeona haya kutaja choo, afunge hapa akasome mambo ya mapenzi. Mimi nimelitaja neno hilo kazini mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina la mume wangu, na ndoa bado ipo. Nilianzia wodi ya wazazi, lakini sehemu kubwa ya uuguzi wangu niliimalizia katika chumba kimoja cha hospitali hapa Tabora, chumba cha kupimia matumbo. Wenzangu wakistaafu husimulia miji waliyotembea. Mimi nitawasimulia utumbo.

Tulianza na mpira. Mnaujua: mrefu, una taa na kamera mbele, unaingia kwa mdomo au kwa kule kwingine, na mgonjwa akishaona urefu wake anakumbuka kwamba ameacha mbuzi hawajafungwa. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono, kumwambia "meza, baba, meza kama mate," na kuangalia asiung'ate. Msiudharau mpira, mpaka leo ndio unaofanya kazi kubwa. Lakini ukipita juu unaona koo, tumbo na mwanzo wa utumbo. Ukipita chini unaona utumbo mpana. Pale katikati kuna utumbo mwembamba, mrefu na umejikunjakunja, na mpira wetu haukufika huko. Damu ikivuja huko ndani, utajua tu kwa sababu mgonjwa anapauka na choo chake ni cheusi kama lami. Mnamwongeza damu, anakwenda nyumbani, anapauka tena.

Ndipo Daktari Salma akaja na vidonge vyake. Daktari huyu ni mtoto wa hapa hapa mjini, baba yake fundi cherehani. Alikwenda kusomea matumbo mbali, akarudi. Siku ya kwanza aliniwekea kidonge kiganjani. Kilikuwa kinene kuliko vya kawaida, laini, ncha yake kioo, na ndani taa inawaka na kuzima. Mgonjwa anakimeza kwa maji, anafungwa kiunoni mkanda wenye kifaa cha kupokea picha, kisha anakwenda zake kukaa. Kidonge kinashuka chenyewe kikipiga picha njia nzima. Jioni mgonjwa anarudisha mkanda, na kidonge kinatoka na choo kikifika wakati wake.

"Mama Nyamizi, tuwaeleze vizuri kwamba kidonge chenyewe hakirudishwi," Daktari aliniambia.

Hatukuwaeleza vizuri. Mzee mmoja mfuga nyuki alituletea cha kwake ndani ya chupa ya asali, kimelala chini peke yake. "Mali ya watu hiyo, sista. Nimekiosha." Na alikuwa amekiosha kweli, kinang'aa. Nilikipokea kwa mikono miwili, maana adabu ni adabu, kisha nikaenda kunawa mpaka viwiko. Mama mwingine alisikia kuna kupigwa picha, akaja amesuka nywele upya, na hereni, na kitenge ambacho bado kilinuka duka. Nikamweleza kwamba picha zenyewe ni za ndani. Akasema, "Basi hata huko ndani wanikute nimependeza."

Na hili lishikeni: mgonjwa wa huku kwetu msimwulize kama amekula. Kwetu kula ni ugali. Mtu atakuapia kwamba hajala tangu jana, wala hasemi uongo, huku njiani ametafuna karanga, nusu embe na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kidonge kikashuka, kikakuta viazi, kikapiga picha viazi. Daktari Salma alitazama skrini yake kwa muda mrefu, halafu akanigeukia, "Mama, leo tumepima ghala." Tangu hapo nikawa nauliza kimoja kimoja: uji? chai? muwa? karanga? uliionja mboga ulipokuwa unapika? Wagonjwa walidhani nina njaa.

Kumezesha nako kuna ufundi. Ukimpa mtu kidonge kile halafu ukamtumbulia macho, koo linafunga. Mpe maji, apige fundo moja la bure. Mwulize habari za shamba. Akifika katikati ya kuilalamikia mvua, mpe kidonge, kitapita bila yeye kujua. Mbinu hiyo haikuwahi kunitupa, ila kwa mtu mmoja, na huyo ndiye niliyetaka kuwaeleza habari zake tangu mwanzo.

Jina lake Mzee Ndahani. Ni Mgogo aliyeletwa Igalula, wilayani Uyui, ujanani na kazi ya reli, kazi ya kukaza na kunyoosha njia ya treni, akaoa hapo, akalima hapo, akazeekea hapo. Mkewe alikwisha kufariki. Aliishi na Mama Pendo, mke wa mwanawe, kwa kuwa mwanawe ni dereva wa lori na nyumbani anaonekana kwa nadra. Mzee alikuwa anapauka. Alikwisha kuongezwa damu mara kadhaa, mpira ulipita juu na chini, hatukuona kitu. Daktari Salma aliniambia waziwazi, "Tusipopaona panapovuja, mzee huyu atatuishia mikononi."

Sasa mimi ni Mnyamwezi. Ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kurushiana vichekesho kwenye simu. Utani wetu na Wagogo ni wa njia. Babu zetu walipita Ugogoni na mizigo ya pembe za ndovu begani wakielekea pwani, na Wagogo, wenye nchi na wenye visima, wakawasimamisha: toeni hongo ndipo mpite na mnywe maji. Haikuwa hongo hii ya kificho mnayoijua. Ulikuwa ushuru wa njia, unatozwa mchana kweupe. Ugomvi ule ulizaa utani. Mtani anaweza kukusimanga mbele za watu. Anaweza kukunyang'anya kitu chako mpaka ukikomboe. Siku ya msiba wako ndiye anayekuigiza, akashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Na wewe huruhusiwi kukasirika.

"Kumbe nesi mwenyewe ni Nyamizi!" alisema mzee aliposikia jina langu, jina la Kinyamwezi tupu. "Basi nimekwisha. Mmeacha kubeba pembe, sasa mnabeba vidonge."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Nioneshe mzigo." Alikitazama kidonge kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza. "Na huu unataka upite nchini kwangu, kuanzia juu mpaka chini?"

"Mpaka chini, mzee."

"Toa hongo."

Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko. Nikajaribu habari za mvua, hakuzitaka. Alinyoosha mkono akachomoa kalamu kwenye mfuko wangu wa kifuani, akaichomeka nyuma ya sikio lake, akanywa maji, akakimeza kidonge kama punje ya harage. "Haya, pita," akaliambia tumbo lake. Siku ile nzima alitembea na mkanda wake kiunoni, amejikunyata na kupanua miguu, anamwamkia kila mtu kwenye korido. Jioni akaurudisha. Kalamu hakuirudisha.

Picha zilipofunguliwa, Daktari Salma akaniita. Kidonge kilikuwa kimekwenda vizuri, kisha katikati ya utumbo mwembamba kikakuta pete. Nyama ilikuwa imejivuta ikafanya mduara mdogo, na ukingoni mwake kidonda kinachuruzika damu. Kidonge kikasimama hapo hapo. Picha zilizofuata zilikuwa za ukuta ule ule, mpaka betri ikaisha.

"Panapovuja nimepaona," alisema. "Lakini pete hii imetoka wapi? Na kidonge kimepenya, au bado kimekaa pale? Kikikaa, siku moja kitaziba, na siku hiyo itakuwa mbio."

Mzee alipewa ndoo ya kwenda nayo nyumbani ili kidonge kikitoka kionekane. Nikampigia simu. "Mzee, kidonge kimetoka?"

"Msafara umezuiwa," akajibu. "Hongo ilikuwa ndogo. Kalamu yenyewe haiandiki."

Nikacheka, nikamwambia aje apigwe eksirei. Akasema hajambo, na mahindi yanataka palizi, akakata. Nikampigia Mama Pendo.

"Sista," aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi ni mkwe wake. Nianzie wapi kumuuliza?"

Msimcheke. Yule binti humpelekea mzee maji ya kunawa kwa kupiga magoti, macho chini. Kuna maneno hayavuki kati ya mkwe na mkwe, hata nyumba ikiungua yatatafutiwa mtu wa kuyasema. Kisha akaongeza, "Ila ile ndoo mliyompa, ameoteshea nyanya."

Hapo kicheko kikanikauka. Nilirudia kichwani maneno ya mzee. Mtani hasemi uongo sana. Husema kweli, ila huivalisha kofia. Msafara umezuiwa. Nikaomba ruhusa kwa Daktari Salma, na kesho yake nikapanda basi la asubuhi kwenda Igalula.

Nilimkuta kibarazani anachonga mpini wa jembe, majirani wawili pembeni yake wanapiga soga. "Mbukwa, mbebaji!" akanisalimia Kigogo. Nikamjibu "Mwangaluka" ya kwetu, nikamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cheupe, na kucha nazo nyeupe. Alicheka, na kucheka kwenyewe kukamfanya aheme. Niliogopa, wanangu, lakini mtani hatakiwi kuonekana ameogopa.

"Wewe Mgogo," nikasema kwa sauti ili majirani nao wafaidi, "kamera yetu umeikunya au hujaikunya?"

Mama Pendo alijifunika uso kwa khanga akakimbilia jikoni. Huko jikoni nikasikia sufuria linaanguka, na mtu anacheka kwa kujiziba mdomo.

"Nani achungulie shimo la choo?" Mzee akanijibu. "Ingia mwenyewe. Wabebaji si ninyi?"

"Sawa. Lakini ulichukua kalamu yangu. Leo nami nachukua." Pembeni yake palikuwa na kopo dogo la ugoro, la bati, limechakaa kwa kushikwa. Nikalinyakua.

Mtu ambaye tangu nimjue hakuwahi kununa, akabadilika uso. "Hilo lirudishe," akasema.

Mtani hakasiriki. Akikasirika, ujue umegusa mahali. Nikalitikisa kopo, nikasikia linalia, na ugoro haulii. Nikafungua. Ndani hamkuwa na ugoro hata chembe. Vilikuwa vidonge vya maumivu, vya rangi mbili tatu, vile vinavyouzwa kila duka la dawa. Majirani waliona uso wa mzee, wakakumbuka kwamba wana kazi kwao.

"Vya magoti," alisema, sauti imeshuka. "Tangu nilipoachana na reli. Navimeza kabla ya kwenda shamba, nikirudi navimeza tena."

"Umekula?"

"Asubuhi mtu anakula nini?"

"Na Daktari alipokuuliza unatumia dawa gani, ulisema hutumii."

"Mama Pendo alikuwa amekaa pale pale. Akijua magoti yamekwisha, atamwambia mume wake. Mwanangu siku nyingi anataka kunihamishia mjini, nikae kwenye kochi nitazame televisheni. Na shamba?" Akauinua ule mpini wa jembe akaninyooshea. "Shamba alime nani?"

Nilitoka nje ya boma nikampigia Daktari Salma. Alielewa kabla sijamaliza. Vidonge vile, akasema, vikimezwa ovyo kwa miaka vinaweza kuuchubua utumbo. Kidonda kinapona kwa kujivuta, kinachubuka tena, kinajivuta tena, mpaka njia inabana kama mdomo wa gunia. Mzee asimeze tena hata kimoja, na aje leo leo. Kama kidonge kimenasa pale, watakitoa kwa upasuaji pamoja na kile kipande kibovu, damu itakoma. Ni afadhali akiwa anatembea mwenyewe kuliko siku ya kuletwa anatapika.

Nikarudi nikamweleza mzee yote, bila utani.

"Kupasuliwa?" akasema. "Acha nife na tumbo langu zima."

Nilibembeleza, hakusikia. Nikamwambia habari za wagonjwa waliopona, akaendelea kuchonga mpini. Basi nikaona nimebakiwa na silaha moja tu, ile niliyoachiwa na babu zangu.

"Sawa," nikasema. "Kufa. Nitakuja kwenye msiba mapema kuliko ndugu zako. Nitavaa mkanda kiunoni, nitembee nimejikunyata hivi, nimepanua miguu hivi, kama ulivyotembea kwenye korido yetu." Nikasimama nikatembea. "Halafu nitashuka kaburini nilale, na hata mkinipa ng'ombe sitoki. Nitawaambia waombolezaji, Wagogo wote watakaokuja toka Dodoma na Wanyamwezi wote wa Uyui: jamani, ndugu yetu anaondoka na kamera tumboni, kila mtu anyamaze asiseme mabaya, inarekodi!"

Mzee alicheka mpaka akauachia mpini, akashika ukuta. Alipokuwa anatafuta pumzi niliona jinsi anavyoitafuta kwa shida, na mimi kicheko kikageuka machozi mbele yake. Sikukusudia.

"Mzee Ndahani," nikamwambia, "mimi sitaki kukuigiza. Sitaki kuingia kaburini mwako. Nakuomba."

Tangu tufahamiane alikuwa akiniita mbebaji tu, au Mnyamwezi. "Nyamizi," akasema, "magoti yangu usimwambie mtu."

Kabla sijajibu, sauti ya Mama Pendo ikatoka jikoni. Hakutoka yeye, ilitoka sauti tu, na aliyeambiwa ni mimi. "Sista, mwambie baba kwamba mahindi nitayapalilia mimi. Na mwambie magoti yake nayajua siku nyingi. Asubuhi namsikia akiinuka. Sikumwambia mtu."

Mzee akatazama chini. "Mwambie nimesikia," akanituma. "Mwambie asante." Jikoni ni hatua chache tu, na kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini nilikwenda nikasimama mlangoni nikasema, "Baba anasema asante." Mama Pendo alikuwa amekaa chini na sufuria lake, analia na kucheka. Nilipogeuka, mzee alikuwa amekwenda kuvaa shati la safari.

Eksirei ilikionesha kidonge pale pale, kimejilaza katikati ya tumbo. Walimpasua. Kile kipande cha utumbo kilichotolewa kilikuwa kifupi, na kidonge kilikuwa ndani yake, nyuma ya pete, hakijasogea. Daktari Salma alitoka chumba cha upasuaji akanikuta nimesimama mlangoni nimeshika kopo la ugoro, nimesahau kuliweka chini. Aliniambia upasuaji umekwisha salama. Niliketi kwenye benchi la wagonjwa nikalia vizuri sasa, maana hakukuwa na mtani wa kunicheka.

Kwa hiyo mkiuliza dawa, wanangu, msiulize dawa. Ulizeni magoti, ulizeni kiuno, ulizeni jino, halafu ulizeni kinachomezwa kwa ajili ya kila kimoja, na mkwe au mwana wa mgonjwa asiwepo chumbani. Hasa kabla ya kumpa mtu kidonge cha kamera, kwa sababu mahali palipobana kitanasa. Na jibu likija na kicheko, chekeni nalo, kisha mlivue kofia mtazame ndani. Akitokea wa kumwuliza mgonjwa lile ambalo ninyi hamwezi, awe mtani, awe bibi, awe nani, mwacheni aulize.

Siku ya kuniaga kazini walinipikia pilau, wakanipa saa ya ukutani. Katikati ya hotuba mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Ndahani na fimbo yake, Mama Pendo nyuma kabeba tenga la nyanya. Kucha zake nilizitazama kabla ya uso. Hazikuwa nyeupe tena. Alikwenda mpaka mbele bila kukaribishwa, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akairudisha kwenye mfuko wangu wa kifuani. "Hongo imetosha," akatangaza. "Msafara umepita."

Watu walipiga makofi. Nami kopo lake nilikuwa nalo kwenye mkoba, nimeliweka muda wote huo nikisubiri alikomboe kama mila inavyotaka, hata kwa kuku. Nikamwonesha. "Lako hili, Mgogo. Unalikomboa kwa nini?"

Akalitazama, akausukuma mkono wangu taratibu. "Silikomboi."

"Mila ni kukomboa."

"Nikilikomboa nitalijaza," akasema, na hakuwa anacheka.

Lipo nyumbani kwangu kabatini, nimetia vifungo vya nguo. Hunipigia simu siku hizi asubuhi akirudi shamba, ambalo sasa analima nusu tu na Mama Pendo analima nusu. Haanzi na salamu.

"Mnyamwezi, kopo langu lipo?"

"Lipo, mzee."

"Lina nini ndani?"

"Vifungo tu."

"Basi likae huko huko," anasema, na kukata simu.